Kabla hujachukua kadi ya maili, uliza ndege gani inashuka Manda

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaikum. Naandika kutoka Lamu, mtaa wa Langoni, na naomba mnivumilie barua ikiwa ndefu manake jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka jana na kila wiki nakutana na mtu anayetaka kupita njia ileile niliyopita mimi. Ni hizi kadi za mkopo za wasafiri. Zile ambazo ati kila ukinunua kitu unapata pointi, pointi zinageuka maili, maili zinageuka tiketi ya ndege. Zimetufikia mpaka huku kisiwani. Meza waliiweka karibu na jeti, na mwavuli, na vijana wawili wenye adabu kabisa, na mtu akishuka tu kwenye boti ya Mokowe na mizigo yake anaitwa mama karibu, mama unapenda kusafiri?

Nani kisiwani hasafiri. Ugonjwa ukizidi unapelekwa Malindi au Mombasa, mtoto akifaulu anaenda Nairobi, ukijaaliwa unaenda Umra. Mimi na wifi yangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba sita na tulikuwa tumeshaweka nia ya Umra, sasa yule kijana alipofungua karatasi yenye picha ya ndege akasema maili za kukukaribisha ni bure, nikasaini. Fomu ilikuwa kurasa saba za Kiingereza, herufi ndogo kama ufuta. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho penye sahihi.

Jambo la kwanza ambalo hakuna aliyeniambia niulize ni hili la Manda. Uwanja wetu wa ndege ni huo mmoja, unavuka na boti, na kampuni zinazoshuka pale ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kadi yangu maili zake zilikuwa zinaingia kwenye mpango wa shirika kubwa la ndege ambalo halishuki Manda hata siku moja. Yaani maili zangu zinaanza kufanya kazi nikishafika Nairobi, na kufika Nairobi ndiko kunakonila pesa! Nilipiga simu kuuliza kama naweza kutumia pointi kwa tiketi ya Manda kwenda Nairobi na kurudi, dada akanijibu vizuri tu kwamba kampuni hiyo haimo kwenye orodha. Sasa mimi mtu wa Lamu safari nne kati ya tano ni hiyo hiyo ya Manda, au basi kupitia Witu na Garsen, na basi halina maili.

Hata hizo safari za mbali lazima ujue unaenda na nani. Ukitoka Kenya kwenda Jeddah unaweza kupanda Saudia, au Ethiopian kupitia Addis Ababa, au Qatar kupitia Doha, au Emirates kupitia Dubai, na kila mmoja ana mkoba wake wa pointi. Saudia ni Alfursan, Ethiopian ni ShebaMiles, Emirates ni Skywards, Qatar wanatumia Avios. Kenya Airways siku hizi wana Asante Rewards yao, zamani walikuwa kwenye Flying Blue pamoja na Air France na KLM. Alafu kuna ushirika juu ya hayo, yaani makundi ya mashirika yanayopokeleana pointi, Kenya Airways na Saudia wako SkyTeam, Ethiopian yuko Star Alliance, Qatar yuko Oneworld, Emirates amekaa peke yake. Kwa hiyo mtu mwenye pointi za Star Alliance hazimsaidii kitu akitaka kupanda Saudia. Hili si jambo dogo, ndio swali linalotangulia maswali yote, manake pointi elfu ishirini kwenye mkoba usioupanda ni karatasi tu.

La pili ni wapi pesa yako inapita. Niliporudi Umra nilikaa na daftari siku moja baada ya isha nikaandika matumizi ya mwezi mzima. Samaki, M-Pesa. Boti, M-Pesa au taslimu. Maji ya vyumba, mchanga wa fundi, mshahara wa kijana wa mapokezi, skuli, M-Pesa, M-Pesa, M-Pesa. Mkokoteni wa punda kubeba saruji kutoka jeti, taslimu. Kadi ilipita mara tatu tu, mashuka niliyoagiza kwa mtandao, bili ya programu ya bukingi na dawa za Mama nilipokuwa Mombasa, jumla haikufika shilingi elfu kumi na mbili. Na ile pesa kubwa kuliko zote ya mwaka, ya Umra yenyewe, wakala aliitaka kwa kuweka benki moja kwa moja, tiketi na viza na usafiri wa kule ndani, hoteli ya Madina peke yake ndiyo tuliambiwa tutalipa hukohuko. Kwa hiyo safari nzima iliyonifanya nichukue kadi ya safari karibu yote haikupita kwenye kadi. M-Pesa imekuwa nasi tangu 2007 na ndiyo maisha yetu, mtu wa benki anayekuja kuuza kadi Lamu hilo analijua vizuri.

Sasa nifanye hesabu kama nilivyoifanya kwenye daftari. Kadi yangu inatoa pointi moja kwa kila shilingi 100. Kujua pointi moja ni pesa ngapi unachukua tiketi unayoitaka kweli, tuseme bei yake ni 18,000, unaangalia kwa pointi wanataka ngapi, tuseme 12,000, lakini usisahau kodi na ada za uwanja bado unalipa kwa pesa, tuseme 6,000. Basi zile pointi 12,000 zimekuokolea shilingi 12,000, ni shilingi moja kwa pointi. Mtu anayepitisha elfu 30 kwa mwezi kwenye kadi, na hapa kwetu hao ni wachache, kwa mwaka anapata pointi 3,600, sawa na shilingi 3,600. Ada yangu ya mwaka ilikuwa 5,000 na ushuru juu yake. Huyo mtu ameshapata hasara kabla hajapanda ndege, na pointi zenyewe zina tarehe ya kufa, na viti vya pointi ni vichache hasa Ramadhani na likizo za skuli ambapo ndio kila mtu anataka kusafiri.

Vijana wetu wananiambia mama mbona Marekani watu wanazunguka dunia kwa pointi, tunaona kwenye video. Kweli wanazunguka. Nimepokea wageni wa aina hiyo, mmoja alinionyesha kadi yake ya Chase Sapphire Reserve, nzito kama sarafu ya zamani, akanieleza kwamba ilipotoka mwaka 2016 mteja mpya alikuwa anapewa pointi 100,000 kwa kuanza tu. Lakini mimi niko upande wa pili wa ile mashine, mgeni akiswaipi kwangu mimi ndiye ninayekatwa, na naona kila mwisho wa mwezi benki imechukua asilimia yake. Sehemu ya makato hayo inarudi kwa benki iliyompa mgeni kadi, na ndiyo inayomlipia pointi zake. Marekani fungu hilo linaweza kufika karibu asilimia 2 kwa kadi za aina ile, ndio maana zawadi ni nono. Ulaya sheria ya 2015 ilibana, kadi ya mkopo isizidi asilimia 0.3 na ya debiti, ile inayokata pesa yako iliyoko benki, 0.2, na wageni wangu wa Kijerumani hawana habari za pointi kabisa. Kwa hiyo ushauri wa video ya Marekani ni wa mtu wa Marekani, mwenye namba yao ya serikali na historia ya mikopo ya kule. Ukiuleta Langoni unakuwa kama kuleta ramani ya bahari nyingine.

Nije Madina, hapo ndipo nilipoumia.

Ilikuwa asubuhi ya kuondoka, mizigo iko mlangoni, basi linapiga honi nje, bwana wangu ameshatoka na wazee wawili wa msafara wetu. Hesabu ya vyumba ilikuwa riali 2,400. Kijana wa kaunta akachomeka kadi yangu akanigeuzia mashine. Kwenye kioo kuna mistari miwili, wa juu umeandikwa KES 87,900, wa chini SAR 2,400, na kitufe cha kuchagua. Nikaona shilingi, nikaona ndiyo pesa ninayoijua, nikabonyeza shilingi. Sekunde mbili. Nikashukuru hata, nikasema hawa watu wamestaarabika wananionyesha kwa pesa ya kwetu.

Riali imefungwa kwa dola tangu 1986, riali 3.75 kwa dola moja, haipandi haishuki. 2,400 ni dola 640. Siku zile dola ilikuwa kama shilingi 129, ishatulia baada ya ile mwanzo wa 2024 ilipofika 160. Dola 640 ni shilingi 82,560. Mimi nimelipa 87,900. Shilingi 5,340 zimeenda kwa sababu mashine ndiyo iliyogeuza pesa kwa bei inayoitaka yenyewe. Ningebonyeza riali, benki yangu ndiyo ingegeuza, nayo ina asilimia 3.5 yake ya pesa ya kigeni, kama 2,900 hivi, ingekuwa 85,450. Bado ni pesa, lakini si ile. Na kwa malipo yote hayo nilipewa pointi 879!

Nawaambia wanaosafiri, mashine ikikuuliza shilingi au pesa ya pale, bonyeza pesa ya pale. Iwe Dubai, iwe Istanbul, iwe ATM, iwe duka la marashi. Na kabla ya kuuliza kadi ina maili ngapi uliza kwanza inakata asilimia ngapi ukiitumia nje. Kuna kadi za ATM za kawaida kabisa, hazina picha ya ndege, ambazo makato yake nje ni madogo kuliko yangu, na kwa mtu anayetoka mara moja kwa mwaka hiyo ndiyo kadi ya safari. Ukitumia laki mbili nje, asilimia 3.5 ni shilingi 7,000, na pointi zake ni 2,000. Hapo mtu hahitaji kusomea uhasibu.

Sijamaliza. Na vitu vingine nilivyonunua kule na hapa, deni la kadi lilikuwa kama 120,000. Nia yangu tangu mwanzo ilikuwa kulipa lote ndani ya zile siku 50 wanazosema hazina riba, pesa nilikuwa naitegemea kwa wageni. Tulirudi mwezi wa nne, mvua ikaingia, kusi likaanza, mwezi wa tano nyumba ikawa na mgeni mmoja. Steitimenti ikaja na mstari mkubwa, kiwango cha chini cha kulipa, 12,000. Nikalipa 12,000 nikapumua. Mwezi uliofuata nikaona neno ambalo sikutaka kuliona, riba, 3,780. Ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 42, nilipouliza nikaambiwa iko kwenye ukurasa wa tano. Mwezi wa baada yake tena 3,500 na kitu. Ukishindwa kulipa lote zile siku 50 zinafutika.

Mhariri, sijui kama nitaweza kuieleza hali yangu siku ile. Si pesa peke yake. Nimeenda nyumba ya Mwenyezi Mungu, nimelia pale, nimewaombea wazazi wangu, alafu nakaa kitandani kwangu Langoni na karatasi inayosema safari hiyo ina riba juu yake na mimi ndiye ninayeilipa. Sikumwambia bwana siku tatu. Nikamwambia wifi. Hakuniuliza kitu, jioni ile ile akaniletea pesa za upatu wake, nikalipa deni lote, na mimi namlipa yeye kidogo kidogo mpaka leo bila hata shilingi moja juu.

Nikaenda kwa sheikh mmoja hapa mtaani, mtu mpole na msomi, nikamuuliza ningelipa lote kwa wakati ingekuwaje. Akaniambia suala hilo wanazuoni walishalikalia, Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilisema kadi ya mkopo isiyo na pesa yako nyuma yake, kama mkataba una sharti la riba, haifai hata kwa mtu aliyekusudia kulipa kabla riba haijaanza, kwa sababu umeshalikubali sharti. Ada maalumu ya huduma wanakubali, na kadi inayokata pesa yako mwenyewe iliyoko benki haina tatizo. Wako wanaoona vinginevyo, naye hakunificha, lakini mimi nimechukua hilo. Kwa wasomaji wasio Waislamu hesabu ya asilimia 42 inawatosha. Kwa sisi watu wa Lamu, mji ambao adhana inasikika kutoka kila upande, naona yule kijana wa kwenye meza alikuwa na wajibu wa kulitamka hilo neno kabla sijashika peni. Hakulitamka. Alisema maili mara nyingi sana.

Sisemi kadi hizi hazimfai mtu. Binti wa jirani yangu anafanya kazi shirika moja Nairobi, anasafirishwa kila mwezi, ananunua tiketi na hoteli kwa kadi yake na kazini wanamrudishia pesa ndani ya wiki mbili, hajawahi kulipa riba, anaingia launji, ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani, Nairobi na Addis bila kulipa, na ndege ikichelewa bima ya kadi inamhudumia kwa sababu tiketi ameinunua kwa kadi hiyohiyo. Kwake ni sawa kabisa. Pesa yake inapita kwenye kadi, ndege anazopanda ziko kwenye mpango wake, na deni analimaliza. Mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na mtu aliyeniuzia angeweza kujua kwa kuniuliza maswali mawili.

Na ukiwa nayo tayari, usitoe taslimu kwa ATM na kadi ya mkopo, hapo ada unakatwa papo hapo na riba inaanza siku hiyohiyo, hakuna siku 50. Hoteli nazo ukiingia zinazuia kiasi kwenye kadi kama amana, kwa hiyo limiti yako inajaa wakati hujanunua kitu, na hata ukishatoka zinachukua siku kadhaa kuachia.

Ombi langu ndilo hili. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma aliyopewa. Sasa benki inayokuja na boti mpaka jeti ya Lamu, inayotuita mama karibu kwa Kiswahili kitamu, kwa nini ada ya mwaka, riba ya mwezi, asilimia ya pesa ya kigeni, tarehe ya pointi kufa na majina ya ndege zenyewe yabaki kwa Kiingereza ukurasa wa tano? Vitu vitano tu, karatasi moja, Kiswahili, herufi ambazo mama yangu wa miaka sabini anaweza kusoma na miwani yake. Naomba gazeti lenu liwaulize benki zote, sio moja, na mkipata majibu myachapishe kwa jedwali bila kupamba, ili mtu aweke kidole kwenye jina la benki asome mpaka mwisho wa mstari.

Mimi benki yangu nimeiandikia barua kwa Kiswahili kufunga kadi na kuuliza zile pointi zangu 6,214 zitaenda wapi. Nilipeleka mwenyewe tawini, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu, ninayo hapa. Wiki ya saba sasa. Ujumbe uliokuja kwa simu ulikuwa wa kunitangazia kwamba mwezi huu nikinunua kwa kadi napewa pointi mara mbili.

Wabillahi tawfiq.

Msomaji wenu,
Mama wa nyumba ya wageni, Langoni, Lamu